Naombeni ushauri: tanga gani linafaa kwa upepo wa tezi (unaotoka nyuma ya chombo), Kilifi hadi Unguja?

PwaniMoja (mleta uzi):
Wakuu, nina mashua ya matanga ya futi 33, na nikijaliwa nitashuka nayo mwezi Januari kutoka Kilifi hadi Unguja, safari ya takriban maili 155 za baharini. Kaskazi likivuma kutoka tezi, tanga kuu hulikinga tanga la mbele, nalo hupigapiga kutwa mpaka mlingoti unatetemeka. Nataka tanga kubwa jepesi la kutweka mbele: je, nichukue spinaka yenye pande mbili sawa au jenaka yenye pande zisizolingana? Jambo hili linaninyima usingizi.

FundiMatanga:
Jenaka hupenda upepo wa ubavuni. Ukiuweka tezi kabisa, italala kama linavyolala tanga lako la sasa, hivyo itakubidi uende upande upande na kuongeza maili. Spinaka huvumilia upepo wa tezi, lakini inadai upondo, kamba nyingi na mikono zaidi ya miwili. Mtakuwa wangapi chomboni?

Mla_Pweza:
Chukua dizeli. Haina kamba za joshi wala demani.

MamaChumvi:
Marehemu babu yangu alikuwa akipakia boriti za mikoko Lamu, na jahazi lake lilikuwa na tanga kubwa na tanga dogo, basi. Kaskazi likizidi, foromali, ule mti unaoshika tanga, iliteremshwa, dogo likatwekwa, na chakula kikaendelea kupikwa. Vijana wa leo mnanunua matanga kama kanga za sikukuu.

FundiMatanga:
Mleta uzi, swali langu bado linasubiri.

PwaniMoja:
Nitakuwa peke yangu, na usiku mmoja nitaupitisha baharini. Najua mtakalosema, lakini usukani wangu unajiendesha, na spinaka yenyewe ina soksi ya kuifunikia. Isitoshe, nimekwisha kumlipa muuzaji nusu ya bei, na bei ilikuwa ya kutupa. Njia hii si ngeni kwangu, kwani mwezi Julai niliipita upepo ukiwa nyuma nikafika salama.

NahodhaMstaafu:
Kumbe hukuja kuuliza, mwanangu, umekuja kutafuta baraka. Mkondo wa bahari huku kwetu huelekea kaskazini hata kaskazi linapovuma, kwa hiyo upepo na maji hukutana uso kwa uso, na mawimbi husimama mafupi na makali. Chombo kikiyumba, spinaka hujisokota kwenye waya wa omo, yaani wa mbele ya chombo, na saa nane za usiku hutakuwa na wa kukusaidia kuisokotoa. Tena upepo wa tezi ni mwongo: ukienda maili 6 kwa saa katika upepo wa maili 16, unahisi 10 tu, na siku ukigeuza omo ndipo unaujua. Tanga la mbele ulilonalo lisukume nje kwa upondo, upande usio na tanga kuu. Likikuzidi, unalikunja kwa kamba moja ukiwa umekaa.

Hanidanganyi:
Wakuu, tunanyweshwa chai, tena haina sukari. Julai ni kusi. Anayetoka Kilifi kwenda Unguja mwezi huo hupigwa upepo wa omo mpaka akome. Huo upepo wa nyuma aliupata wapi?

PwaniMoja:
Nilisema njia hii, sikusema natoka Kilifi. Nilitoka Unguja kwenda Kilifi, na kusi lilikuwa tezi. Karibu na mlango wa Kilifi kamba ya demani, ile ya kuvutia tanga, ilinichomoka, ikapita kiganjani na kuchukua ngozi, na kwa siku nne nilishika kikombe kwa mkono wa kushoto. Chai gani yenye kovu?

Hanidanganyi:
Basi nimekubali ulisafiri. Ila kama tanga la kawaida lilikuchuna hivyo, hiyo spinaka itakuachia mfupa.

MamaChumvi:
Pole kwa mkono, mwanangu. Je, mkeo anajua kwamba utakuwa peke yako?

FundiMatanga:
Tuache ya mkewe. Hilo tanga umelipima?

PwaniMoja:
Leo nimekwenda kwa muuzaji tukalitandaza barazani. Ubavu wake ni mita 14.5, na kutoka kapi la juu la mlingoti wangu hadi sitahani ni mita 12.8. Hata hivyo, fundi mmoja anayeshona maturubai ya malori amenihakikishia kwamba anaweza kulipunguza kwa chini.

FundiMatanga:
Maturubai ya malori?

Mla_Pweza:
Bado nasema dizeli.