Chogo na flati: tupeane uzoefu wa TV zetu

Mwana Langoni: Jamani wa Lamu na Malindi, tuelezane. Kwetu kuna Sony Trinitron ya babu, chogo kubwa, zile TV za zamani zenye mgongo. Mafundi wameifungua wakachoka, nayo bado yaonyesha. Flati ya sebuleni, waranti imeisha tu, picha ikapotea. Sauti ipo. Nyinyi zenu zimedumu vipi?

Fundi Barani: Niko Malindi, kazi yangu ndiyo hii. Usiitupe. Usiku zima taa, washa TV, mulika kioo kwa tochi ukiwa karibu. Ukiona picha hafifu, paneli, yaani kioo chenyewe cha picha, ni nzima. Zilizokufa ni taa za nyuma. Zile LED zimefuatana kwenye waya mmoja, moja ikiungua safu nzima yaweza kuzimika. Mimi hubadilisha zote, maana zilizobaki nazo zimechoka. Kazi ni kuvua kioo: zile tepe nyembamba za ukingoni zikikatika, ndiyo basi. Nikimaliza humpunguzia mteja mwangaza, kwani joto ndilo linaloziua.

Chogo ilikuwa raha. Kapasita imevimba waiona kwa macho, flaibaki, ile transfoma ya umeme mkubwa, ikivuja waisikia cheche. Lehemu kidogo, imerudi. Ila msifungue wenyewe, tyubu, lile chupa la kioo cha picha, yaweza kubaki na maelfu ya volti hata ukishachomoa waya.

Bi Shela: Mwazisifu kwa kuwa hamkuzibeba! Yetu ya inchi 29 ilitoka Mokowe, kule bara, kwa mashua, ikapandishwa gatini na wanaume wawili wakitukana. Na mimi natumia sola. Flati ya inchi 32 mara nyingi haifiki wati 50. Chogo ingenimalizia betri kabla ya taarifa ya habari.

Mkomani Juu: Tena mwazikumbuka zilizopona tu. Yetu tyubu ilichoka, nyuso zote zikawa za kijani, fundi akasema tyubu nyingine hapati. Hata hivyo nakiri, matangazo ya analojia yalipozimwa 2015 tuliichomekea king'amuzi kwa zile waya tatu, nyekundu, nyeupe na njano, ikaendelea miaka.

Bi Shela: Na chumvi je? Ya dada yangu imetundikwa mkabala na dirisha la baharini, imeanza mistari chini.

Fundi Barani: Chumvi hula shaba, ubao wa saketi wote ukawa kijani, iwe chogo iwe flati. Lakini mistari ya chini, muulize kwanza anafutaje kioo. Wengi hurashia maji moja kwa moja, yakateremka hadi kwenye tepe. Kitambaa kikavu chatosha, mama.

Mwana Langoni: Na kioo kikipasuka?

Fundi Barani: Hapo sina dawa. Paneli peke yake hukaribia bei ya TV mpya. Lakini msipeleke jaani, nileteeni. Ubao wa pawa na meinbodi nikivitoa humo ndivyo ninavyofufulia za wengine.

Mkomani Juu: Wanunua kwa ngapi, sheikh?

Fundi Barani: Njoo nayo kwanza. Na rimoti.