Kavaa mkoba WANGU mbele ya watu!!!

Wakuu natype huku natetemeka. Yule bwana wa kung'ang'ania maiki, mnamjua simtaji, leo kwenye mjadala wa tamthilia ya Ibsen, A Doll's House, ile Nora anamwacha mumewe Torvald na watoto halafu anabamiza mlango, kachukua mkoba WANGU kautundika begani, kajitikisa mpaka mlangoni, kabamiza mlango PAA! halafu kachungulia, "Baba Torvald nimerudi, nauli imeisha!" Ukumbi mzima hoi. Mkoba wangu jamani!

Na nilikuwa naongea vitu vya maana, ule mchezo wa nyimbo wa kuiendeleza, A Doll's Life, wa Broadway kule New York 1982, Nora wa Ibsen akishabamiza mlango anaishije huko nje, kazi anapata wapi, wanaume anaokutana nao wakoje, tena mwongozaji mkubwa Hal Prince ndo kaongoza. Akadakia eti ilifungwa baada ya maonyesho 5 kwa sababu hakuna anayetaka kumuona mke aliyetelekeza watoto. Nani kakwambia?? Mbona 1983 nyimbo zake ziliteuliwa kuwania Tony, tuzo za Broadway? Nikamwambia hata Ujerumani enzi zile mwigizaji aligoma kucheza mama anayeacha watoto, Ibsen akaandika shingo upande mwisho wa Nora kubaki, na mwenyewe akauita ushenzi. Sijamaliza sentensi, mkoba haupo kwenye kiti! Zipu wazi, kitana na vidonge vya presha vya mama vimetapakaa sakafuni, na yeye anatembea tu kiuno huku kiuno kule. MKOBA WANGU.

Kijiweni: Pole dada ila maonyesho 5 ni 5, hata ndoa ya jirani yangu ilidumu zaidi 😂

Mpenda_nyimbo: Mngejadili & Juliet, mchezo wa nyimbo wa Uingereza 2019. Juliet wa Shakespeare hafi, anaenda zake Paris, nyimbo za mtunzi wa pop Max Martin kila mtu anazijua. Nora aimbe nini sasa?

Chumvi_kali: Nyie mnaozijua ndo kero, mnaimba na waigizaji. Nimelipa kiingilio nikusikilize wewe?

Kijiweni: Na wanaobandua karanga kwenye kimya!!

Mwenye uzi: Jamani mkoba wangu??

Mpenda_nyimbo: Si ungeupakata. Karanga afadhali, juzi nyuma yangu mtu kafungua samaki wa kukaanga, na mwenyewe anaguna "mmh" kila mhusika akilia.

Chumvi_kali: Waandaaji ndo tatizo, tangazo linasema saa kumi na mbili, pazia linafunguliwa saa mbili, watu wasile?

Kijiweni: Saa mbili wewe una bahati, sisi ilikuwa saa tatu kasoro na jenereta likazima.