Visanduku vya popo na ndege Mamboleo: mbona hakuna mpangaji?

Mkaazi_Mamboleo: Habari wadau. Ploti ni futi 50 kwa 100 hapa Mamboleo, Kisumu. Kisanduku cha popo kina chumba cha upana wa inchi 4, mbao zimepigwa randa na kupakwa vanishi ndani na nje, kimefungwa kwenye mwembe. Cha ndege kina tundu la inchi 3, kijiti cha kutulia na paa la bati tupu. Waliokuja ni nyuki tu, nao wakaenda zao. Nirekebishe nini?

Popo_Usiku: Cha popo ndicho kimekosewa zaidi. Popo wala wadudu hupenda kujibana, hivyo mwanya kati ya mbao ya mbele na ya nyuma uwe sentimita 2 tu. Kimo 60, upana 40. Mbao ya nyuma ishuke sentimita 12 kupita ya mbele, maana popo hutua hapo kisha akatambaa kwenda juu. Chini kuwe wazi kabisa, kinyesi kidondoke chenyewe.

Randa nayo imeharibu, kucha hazina pa kushika. Chora kwa msumeno mistari ya kulala kila sentimita 1, kina cha milimita 1 hivi. Kwa joto la Kisumu, acha upenyo wa sentimita 1 upande wa mbele, sentimita 15 kutoka chini.

Kitoe mwembeni. Matawi huziba njia, na paka hupanda. Wale wadogo wanaokaa chini ya mabati hujiangusha kwanza ndipo wakunjue mabawa, kwa hiyo weka ukutani au kwenye nguzo, mita 4 juu, chini pakiwa peupe, mbali na taa ya usalama. Wale wakubwa wa matunda hawaingii kisandukuni hata ukiwabembeleza, wao hulala mitini.

Kuzi_wa_Nakuru: Kwa ndege, ng'oa kijiti, kinamfaa mwizi wa mayai kuliko mwenye kiota. Inchi 3 ni mlango wa kila mtu: pigilia juu yake kibao chenye tundu la milimita 32 ukitaka shomoro, 50 ukitaka kuzi. Tundu liwe sentimita 15 juu ya sakafu, na sakafu itobolewe pembe nne, maji yatoke. Chini ya bati weka ubao, ukiacha nafasi ya sentimita 2, la sivyo makinda wataiva saa nane mchana. Nyuki: sugua sabuni ya mche ndani ya paa. Wakirudi na kujenga, ita mfugaji nyuki.

Kwera na mbayuwayu usiwahesabu. Kwera hufuma mwenyewe, mbayuwayu anataka tope na ukingo wa paa.

Popo_Usiku: Nyongeza: kisanduku cha popo usikiweke juu ya tangi la maji wala mlango. Kinyesi kikikauka, kilowanishe na uvae barakoa kabla ya kufagia. Popo aliyeanguka usimshike kwa mkono mtupu, anaweza kuwa na virusi vya jamii ya kichaa cha mbwa. Na neti ya mbu ibaki kitandani, popo hawatakumalizia mbu.

Mkaazi_Mamboleo: Asante. Vanishi nikiikwangua ndani itatosha?

Popo_Usiku: Hapana, imeshaingia kwenye mbao. Badilisha mbao zote za ndani, chukua saiprasi isiyorandwa wala kutiwa dawa ya mchwa. Mbao ya nje unaweza kuibakiza.