Mshororo huu una mizani (silabi) 16 au 17? Naomba ushauri

Mwalimu wa Masaka: Ndugu zangu, nafundisha Kiswahili kidato cha tano. Niliwapa wanafunzi shairi la kale la Lamu walichambue, tarbia (mishororo minne kila ubeti) yenye mizani 16 kila mshororo, yaani 8 katika ukwapi, nusu ya kwanza, na 8 katika utao, nusu ya pili, lakini mmoja amehesabu 17 katika mshororo wa pili na kudai kwamba shairi ni guni, yaani lina kasoro ya vina au mizani. Je, nimpe alama?

*Jua laaga ziwani, wavuvi wajikusanya,*
*Samaki wamo tengani, mbwa mmoja apokonya.*

Mama Jinja: Vina vimetulia, "ni" na "nya". Mimi nilihesabu mizani kwa vidole mtihanini hadi msimamizi akadhani ninampa jirani majibu.

Kalamu ya Arua: Mwanafunzi yuko sahihi. Katika Kiganda, embwa ina silabi mbili, e na mbwa, ndiyo maana sikio la huko Masaka halisikii kwamba m ya mbwa katika Kiswahili husimama peke yake na kubeba mkazo, tofauti na ile ya mbuzi. Hesabu: m-bwa-m-mo-ja-a-po-ko-nya, 9. Ila shairi umelitoa wapi? Kiamu, lahaja ya Lamu, husema mmoya, na watu wa Lamu huvua baharini.

Mwalimu wa Masaka: Mtunzi hahusiani na mizani.

Kalamu ya Arua: Anahusiana, mwalimu, maana matamshi yake ndiyo yanayohesabiwa.

Mwalimu wa Masaka: Basi, nililitunga mimi. Niliandika "la kale" ili wanafunzi waliheshimu. Mwongozo wa kusahihisha umekwisha kuchapwa, kwa hiyo nitawaambia kuwa ni inkisari.

Kalamu ya Arua: Inkisari hufupisha neno, nawe hukufupisha lolote. Andika "mbwa mwizi apokonya", zitatimia 8.

Mzee wa Hoima: Mwanangu, kuwasingizia wafu shairi lenye kasoro ni dhambi mbili.

Msomaji wa Gulu: Mimi siamini kisa hiki. Huyu ndiye mwanafunzi mwenyewe, aliyenyimwa alama, na sasa anatafuta mashahidi wa kumpelekea mwalimu wake.

Mama Jinja: Nami nilianza kushuku! Mwalimu gani huwauliza wageni?

Mwalimu wa Masaka: Ningekuwa mwanafunzi, ningefurahi na kunyamaza. Mimi nina mshororo wa tatu unaoanza na neno nchi, nalo nimelihesabu silabi moja.

Kalamu ya Arua: N-chi. Mbili.