Mjadala: eti jina "bata mzinga" lifutwe? Mimi napinga

Wadau, juzi kuna mdau kasema jina bata mzinga lifutwe, eti ndege mwenyewe sio bata, halafu mzinga una maana kibao unachanganya watu, bora kwenye pakiti za soseji na nyama tuandike "taki" basi, yaani lile turkey la Kiingereza. Nimelala nalo nimeamka nalo, naomba nijibu.

Tuanze na mzinga. Babu yangu alikuwa na mizinga ya nyuki, gogo linapasuliwa, linachongwa katikati linabaki tupu, linafungwa tena linatundikwa juu mtini, ukipita chini yake unasikia ule mvumo. Mzinga wa vita nao ni mdomo mtupu unaounguruma, na rais wa nje akija anapigiwa mizinga 21. Chupa kubwa ya pombe kali mzinga. Gari likipinduka limekula mzinga. Jamaa akikuomba elfu kumi mwisho wa mwezi kakupiga mzinga. Sasa niambieni, nani kati yenu alishawahi kuchanganya hizo? Sentensi yenyewe inakwambia. Pale Morogoro kuna Shirika la Mzinga na kila mtu anajua habari ni za jeshi sio za asali. Neno likibeba mengi ni utajiri jamani, sio kosa.

Kwenye bata hapo nakubali ana hoja. Huyu ndege hana utando miguuni, mdomo wake umechongoka sio bapa, ukoo wake ni wa kina kuku, kanga na kwale. Na jina linaleta shida kweli, nilikuwa dukani mama mmoja kashika pakiti ya soseji, kasoma "bata", karudisha kwenye friji palepale, kasema mie silishi wanangu kitu kinachochezea matope. Nilijaribu kumwelezea, hakutaka hata kusikia, iliniuma.

Lakini taki ndo itatusaidia nini? Hilo jina la Waingereza limetokana na Uturuki wakati ndege katokea Amerika, watu wa Mexico walikuwa wanamfuga kabla Wahispania hawajafika. Waturuki wenyewe wanamwita hindi, Wafaransa dinde, yaani wa India, Wareno wanamwita peru, Wamisri wanasema diki rumi, jogoo wa Rumi! Kila mtu kampeleka kwao kusiko kwake. Na Uturuki yenyewe mwaka 2022 iliomba Umoja wa Mataifa waiandike Türkiye, jina la Kiingereza hawalitaki, halafu sisi ndo tulibebe tulibandike kwenye soseji zetu? Angalau la kwetu ukilitamka unamwona dume limetuna kifua, limeshusha mabawa linakwaruza chini huku linavuma. Mimi kila nikiliona nakumbuka mizinga ya babu.

Ninachotaka ni hivi, pakiti iandikwe bata mzinga maneno yote mawili kwa ukubwa uleule, sio "BATA" kubwa na mzinga kapembeni, na picha ya ndege mwenyewe iwepo na ule mkia wake kama upepeo na shingo nyekundu, mama yule angeiona asingerudisha. Mbona bata bukini tunamwita hivyo miaka yote na hakuna anayelalamika?

Anayetaka taki aje na hoja. Na nyie wa Mombasa na Unguja, wazee wenu wanamwitaje huyu ndege? Wekeni hapa tuone.