Tupeane uzoefu: nyimbo za Queen zilikukuta wapi?

Kitasa: Jana uwanjani mashabiki wakaanzisha ule mdundo, miguu mara mbili, kofi moja. Dogo pembeni yangu anajisifu eti umebuniwa na tawi lao! Nikamwambia hiyo We Will Rock You ya Queen, bendi ya rock ya Uingereza, 1977, huenda hata baba yako alikuwa hajazaliwa. Wakongwe, shusheni kumbukumbu.

MamaSwaumu: Kanda ya kaka! Bohemian Rhapsody, karibu dakika sita. Ikifika pale kwenye makelele ya opera, redio inaitafuna, tunairudisha kwa kalamu.

Zenj_Asilia: Msisahau Freddie Mercury, mwimbaji wao, ni mtoto wa Mji Mkongwe. Farrokh Bulsara, 1946.

Tandale1: Kazaliwa tu. Kasomea India, 1964 familia ikahamia Uingereza. Taarabu iko wapi mle?

Zenj_Asilia: Wivu huo. Nenda Shangani kwenye makumbusho yake uone watalii.

BwanaHarusiMstaafu: Ngojeni. Harusi yangu, Mwanza. MC anatangaza maharusi, taa zinazimwa, tuko mlangoni. Mara besi: dum, dum, dum. Another One Bites the Dust. Shangwe! Mpaka mama mkwe anatikisa bega. Tumefika katikati ya ukumbi, baba mdogo wa mke wangu, mwalimu mstaafu wa Kiingereza, akamfuata DJ, akachomoa waya. Kimya. Akapokonya maiki: "Wimbo huu watu wanadondoka kwa risasi mmoja mmoja. Hapa tunaoza binti au tunahesabu maiti?" Shangazi yangu akadakia, ndiyo maana nilisema upande ule una nuksi. Hapo pakachafuka. Mahari ikafufuliwa, nani alichelewesha, nani alipunguza. Sisi tumesimama, shela inakanyagwa, keki inalegea kwa joto. Bibi yangu ndiye aliyepiga kigelegele na kuanzisha wimbo wa Kisukuma, tukapenya hapo hapo mpaka mezani.

Tandale1: Keki inalegea 😂😂

Kinanda: Nami nilicheka, ila besi ile ya John Deacon, mpiga besi wa Queen, 1980, imefuata nyayo za Good Times ya kundi la Chic. Na ya Under Pressure, waliyoimba na David Bowie, ikaibukia kwenye Ice Ice Baby ya rapa Vanilla Ice, mwishowe majina ya Queen na Bowie yakaongezwa kwenye wimbo kama watunzi. Maprodyuza, ombeni ruhusa kwanza.

Magodoro_Rekodi: Ruhusa baadaye, biti kwanza. Mimi niliiga zile sauti zao, watu watatu wanarekodi juu ya juu mpaka inakuwa kwaya. Majirani wakaja kuuliza mkesha unaanza saa ngapi.

Zenj_Asilia: Maharusi waingie kwa taarabu, yaishe.

Tandale1: Taarabu yenye mipasho ya wake wenza? Hapo ndipo watakufa kweli.

MamaSwaumu: BwanaHarusi, huyo baba mdogo mnaongea?

BwanaHarusiMstaafu: Sana. Kwenye send-off ya bintiye kakagua orodha ya nyimbo mwenyewe. Alipoambiwa jina la Lady Gaga limetokana na Radio Ga Ga ya Queen, akamfuta naye.