Kamera ndogo ya mkanda, na mkanda wa zamani ungali ndani: niitumieje?

Mkaazi wa Langoni, Lamu

Assalamu alaykum, wakubwa zangu na wenzangu nyote. Marehemu ami yangu aliacha kamera ndogo ya mkanda, ya aina ile ambayo mwenyewe huilenga na kubonyeza tu bila kupima chochote, nayo imekaa katika kidaka cha chumba cha ndani tangu mwaka 2006, ikiwa imefungwa ndani ya mfuko wake wa ngozi. Wiki iliyopita mama alinikabidhi akaniambia niitumie.

Kabla sijaanza niligundua mambo mawili. La kwanza, betri zake mbili za AA zimetoa unga mweupe, na moja imegandana na chuma cha kamera. La pili, ambalo ndilo linaloninyima usingizi, ni kwamba kwenye kifuniko cha nyuma kuna kioo chembamba, na nikichungulia hapo naona kikopo cha mkanda chenye maandishi 400 na 36, nako juu, karibu na kitufe cha kupigia, kuna kidirisha chenye namba 22. Maana yake ni kwamba ami alipiga picha ishirini na kitu ambazo hakuna mtu yeyote aliyewahi kuziona.

Naomba mnielekeze jinsi ya kuuokoa mkanda huo, kisha mnifundishe kuitumia kamera yenyewe, kwa sababu mimi nimezoea simu tu. Jirani yetu mmoja ambaye ni fundi wa simu amejitolea kuifungua na kuisafisha ndani. Je, nimpe?

Mwalimu, Shela

Wa alaykum salaam, dada yangu. Hongera kwa kupata amana hiyo. Kwa maoni yangu, tia betri mpya, umalizie picha 14 zilizobaki kati ya zile 36, na mkanda ukifika mwisho kamera itaurudisha yenyewe ndani ya kikopo. Kwa njia hiyo utajifunza na hutapoteza kitu. La muhimu ni moja: usifungue kifuniko cha nyuma kwa sababu yoyote, hata kwa sekunde moja, hata chumbani, kwani mwanga ukiingia utaunguza mkanda.

Mpiga picha mstaafu, Malindi

Binti yangu, nimefanya kazi ya studio hapa Malindi kwa miaka mingi, na kwa mikanda nimekuwa mwoga kuliko kwa kitu chochote kingine, basi nivumilie nikieleza kwa urefu.

Nianze na fundi wa simu. Usimpe. Ndani ya kamera yenye flashi kuna kifaa kinachohifadhi umeme wa kuwashia taa hiyo, na umeme huo hufika volti 300 hivi. Unaweza kubaki humo hata baada ya betri kutolewa. Bisibisi ikigusa pasipostahili, fundi atapigwa shoti na kamera itakufa. Isitoshe, tatizo lako liko kwenye chumba cha betri, na chumba hicho unaweza kukisafisha mwenyewe. Toa betri polepole, chovya pamba ya masikioni katika siki au maji ya ndimu, usugue ule unga mweupe kidogo kidogo mpaka uache kutoa povu. Maji yasitiririke ndani. Kisha pitisha pamba nyingine yenye spiriti, uache pakauke kutwa nzima. Unga wa betri hizi ni magadi makali, na ndiyo maana asidi ya ndimu huuondoa. Ukishamaliza nawa mikono, na watoto wasiuchezee.

Sasa mkanda. Namheshimu Mwalimu, lakini katika hili sikubaliani naye, na sababu yangu ni hii. Mkanda wa rangi hupungua nguvu ya kuona mwanga kadiri unavyozeeka, na joto la mwambao huharakisha upungufu huo. Picha za ami yako zilipigwa mkanda ukiwa mpya, kwa hiyo zilipata mwanga wa kutosha na zina nafasi nzuri ya kutoka, ingawa rangi zitakuwa zimefifia na zitaelemea upande mmoja. Picha 14 utakazopiga wewe leo zitaingia kwenye mkanda uliochoka, wakati kamera itakuwa ikiamini kwamba ni mkanda mpya wa 400 (namba ya nguvu yake ya kuona mwanga), kwa sababu inausoma kwa vile viraba vyeusi na vya fedha vilivyo kwenye kikopo. Alama hizo zilianzishwa na Kodak mwaka 1983, na kamera za aina yako nyingi hazina kitufe cha kuzipinga. Utapiga, na utapata vivuli. Isitoshe, kila siku mkanda ule unapokaa ndani ya kamera ni siku nyingine ya mtu kufungua kifuniko kwa bahati mbaya. Urudishe sasa.

Namna ya kuurudisha ni hivi. Tia betri mpya. Kisha tafuta, chini ya kamera au ubavuni, kitufe kidogo sana kilichozama, chenye alama ya kikopo na mshale. Kimezamishwa makusudi ili kidole kisikibonyeze kwa bahati mbaya, kwa hiyo tumia ncha ya kalamu isiyo na wino. Utasikia mota ikizunguka mfululizo. Usiiguse mpaka inyamaze kabisa, na namba irudi mwanzo. Sauti ikikatika katikati, badilisha betri uendelee, kwa maana betri dhaifu hufanya hivyo.

Na ikiwa mota haizunguki kabisa, bado kuna njia. Ngoja usiku, uingie chumba cha ndani kabisa, zima taa zote, ziba chini ya mlango kwa kanga, ukae kwanza dakika tano uhakikishe kwamba huoni hata mkono wako mwenyewe. Hapo ndipo ufungue kifuniko, utoe kikopo na mkanda, uzungushe kile kijiti kinachotokeza upande mmoja wa kikopo mpaka mkanda wote uingie. Usiwashe taa nyekundu ukidhani ni salama. Taa ile ilikuwa ya karatasi za picha nyeusi na nyeupe. Mkanda wa rangi huona nyekundu kama unavyoona rangi nyingine.

Mkaazi wa Langoni, Lamu

Shikamoo mzee wangu. Nimefuata maelezo yako neno kwa neno. Unga ulitoka kwa ndimu, na tulipotia betri mpya na kubonyeza kile kitufe kwa ncha ya kalamu, kamera ililia kwa muda unaokaribia dakika nzima, mama akiwa amenishika bega, kisha ikanyamaza. Namba ilirudi kwenye herufi S. Nilifungua kwa hofu nikakuta kikopo kimefunga kabisa, ulimi wa mkanda haupo nje. Nimekitia katika kikopo cha plastiki chenye kifuniko.

Mkanda mpya wa 400 nimeupata kwa mtu aliyetoka Nairobi. Nimejaribu kuutia mara mbili, lakini namba inabaki S na haiendi kwenye 1. Nakosea wapi? Na nikishafaulu, nianze vipi kupiga humu mjini?

Mpiga picha mstaafu, Malindi

Marahaba binti yangu, na nimefurahi kweli. Ulimi kutoonekana nje ndiyo alama ya mkanda uliokwisha kutumika, kwa hiyo huwezi kuuchanganya na mpya.

Kuhusu huo mpya: kikopo kikae upande wake, ulimi uuvute mpaka ufike kwenye alama, ambayo mara nyingi ni mstari mwekundu au wa rangi ya chungwa, wala usipite. Mkanda ulale bapa bila kuinuka katikati. Ukiwa mrefu mno, usisukume uliozidi. Urudishe ndani ya kikopo kwa kukizungusha kile kijiti. Angalia kwa karibu yale matundu madogo yaliyopangana kwenye kingo za mkanda: lazima jino la gurudumu liingie kwenye tundu. Jino likiwa nje ya tundu, mota huzunguka bure na namba haisogei, na hilo ndilo lililokupata. Funga kifuniko, subiri, uone namba 1. Fanya kazi hiyo kivulini.

Masuala ya mwangaza wa Lamu namwachia Mwalimu, kwa kuwa yeye ndiye anayeishi nao.

Mwalimu, Shela

Nakubali sahihisho la mzee. Hoja ya mkanda kuchoka sikuifikiria.

Dada yangu, kamera yako hujiamulia mambo mawili, umbali na kiasi cha mwanga, na katika yote mawili hutazama zaidi kile kilicho katikati ya kidirisha cha kuchungulia. Ukilijua hilo umejua nusu ya kazi. Chukua mfano wa wazee wawili wanaocheza bao barazani. Ukilenga katikati yao, kamera itapima umbali wa ukuta ulio nyuma, na wazee watatoka wakiwa na ukungu huku chokaa ya ukuta ikionekana hadi nyufa zake. Dawa yake ni kulenga uso wa mmoja wao, kubonyeza kitufe nusu tu mpaka taa ndogo ya kijani iwake bila kupepesa, kisha bila kuachia kidole uirudishe kamera mahali unapotaka na kumalizia kubonyeza. Fanya zoezi hilo nyumbani kabla ya kutia mkanda mpaka kidole kizoee nafasi kati ya nusu na mwisho. Taa ikipepesa, mara nyingi kamera inakwambia kwamba umekaribia mno. Rudi nyuma hatua moja.

Jua pia kwamba unachungulia kwenye kidirisha na picha inapigwa na lenzi iliyo chini au kando yake, na kwa mbali tofauti hiyo haionekani, lakini kwa karibu inakata vichwa. Ndani ya kidirisha kuna vistari vidogo. Mtu akiwa karibu, kichwa chake kikae chini ya vistari hivyo.

Sasa mwangaza. Mji wetu una jua la aina mbili, na mtu hupita kutoka moja hadi jingine kwa hatua ishirini. Mkunguni, mbele ya Ngome, au ufukweni ambako majahazi yamefungwa, jua la saa sita linapasua macho. Ukiingia kichochoro cha kwanza kati ya kuta mbili za mawe ya matumbawe, mwanga umeanguka mara nyingi kuliko jicho lako linavyokubali, kwa sababu jicho huzoea upesi. Ndiyo maana mkanda wa 400 ni chaguo zuri kwa mji wenye vichochoro. Mkanda wa rangi huvumilia mwanga mwingi vizuri sana na huchukia uchache. Kwenye kichochoro kamera itajaribu kuwasha flashi, na flashi yake kwa mkanda wa 400 hufika mita 6 hivi, zaidi ya hapo ni giza. Ukitaka mlango wa nakshi utoke kwa mwanga wake wa asili, zima flashi, jiegemeze ukutani, viwiko vibane mbavu, utoe pumzi, kisha ubonyeze, kwa sababu pazia la ndani litakaa wazi kwa muda mrefu zaidi na mkono ukitikisika picha itatikisika.

Kinyume chake, mtu aliyekaa mlangoni na jua liko nyuma yake ndiye anayehitaji flashi hata mchana. Kamera itadanganywa na ule mwanga wa nyuma na uso wake utakuwa mweusi. Lazimisha flashi kwa kitufe chenye alama ya radi. Kuta zilizopakwa chokaa na mchanga wa huku Shela nao huidanganya vivyo hivyo. Kwa kuanzia ningependa utoke saa kumi na moja jioni, jua likiwa limelala.

Na umwombe ruhusa kila unayempiga, kwa kuwa mkanda hauna kufuta.

Jambo moja la hifadhi: mikanda isiyotumika iweke kwenye friji ndani ya kikopo kilichofungwa vizuri, na ukitoa usifungue mpaka saa mbili zipite, la sivyo unyevu wa hewa yetu utaganda juu yake kama unavyoganda kwenye chupa ya soda. Kamera yenyewe isikae friji. Iweke kavu, pamoja na vile vifuko vya chembechembe vinavyokuja ndani ya viatu vipya.

Mkaazi wa Langoni, Lamu

Nawashukuru nyote wawili. Namba 1 imetokea! Jino halikuwa limeingia kwenye tundu, kama alivyosema mzee. Picha ya kwanza nilimpiga mama mlangoni, kwa flashi ya kulazimisha.

Mkanda wa ami utaondoka kesho na binamu yangu, atakayevuka Mokowe na kupanda basi hadi Nairobi. Kuna lolote la kumwagiza?

Mpiga picha mstaafu, Malindi

Yapo machache. Kikopo akiweke katika mkoba anaobeba mwenyewe, si kwenye buti la basi wala mbele kwenye kioo panapopigwa jua. Akibadili mawazo akaamua kuruka kwa ndege kutoka Manda, aombe kikaguliwe kwa mkono badala ya kupitishwa kwenye mashine ya eksirei. Juu ya kikopo bandika karatasi yenye jina lako, mwaka 2006, na maneno "mkanda wa zamani". Studioni aulize kwanza kama wao wenyewe husafisha mikanda ya rangi kwa dawa ya C-41, au huituma kwingine. Na awaombe wasiukate mkanda wako vipande kabla mtu hajauangalia, kwa sababu picha zilizofifia mashine hukosea mipaka yake.

Na hata wakikupa picha kwa njia ya simu, negativi, yaani mkanda wenyewe uliokwisha kusafishwa, zidai zirudi. Zikirudi nitumie picha ya mkanda wenyewe ukiwa umeinuliwa dirishani. Nitakwambia ni zipi zinazostahili kuchapishwa upya kwa uangalifu.